Mikono Kwenye Mvuke

Mimi na mke wangu tuliacha kuongea, na wala hatukuwa tumegombana.

Tuna mgahawa. Yeye yuko jikoni, mimi niko mbele, katikati kuna ukuta wenye kidirisha cha kupitishia sahani. Tangu tufungue, nilikuwa naita oda kwa kelele, naye ananijibu kwa kelele.

"Wali samaki, meza ya mlangoni! Ana njaa huyu, usimpe kichwa kitupu!"

"Kichwa kitupu kiko huko mbele, Kibogoyo! Kinapokea oda!"

Mafundi na wabeba mizigo walicheka hadi wakapaliwa. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu. Habari za mkwe, za paa linalovuja, za mguu wake unaouma, zote zilipita pale dirishani pamoja na maharage.

Kisha karakana za mtaani kwetu zikavunjwa, yakapanda maghorofa. Wateja wetu wakahama na kelele zao. Wakaja vijana wapole wenye kompyuta, mtu anakaa na kikombe kimoja mpaka kinakauka. Binti yetu, ambaye ndiye aliyesoma, akafunga mtambo: mteja anabonyeza simu, oda inatokea kwenye kioo jikoni.

"Baba, wanataka utulivu. Ukipiga kelele wataondoka. Wakiondoka, tunafunga."

"Nimesikia, mama."

Nikanyamaza. Mgahawa ukawa kama umezama majini. Jua la alasiri liliingia, likatambaa juu ya meza bila mtu wa kulikatiza. Mvuke ulitoka kidirishani, na ndani ya mvuke ikatoka mikono miwili, ikaweka sahani, ikarudi. Nilianza kuamini kwamba mikono ile haina mwenyewe. Siku moja niliigusa. Ikashtuka, ikapotea kama samaki.

Nyumbani tulitazamana kama abiria walioachwa na gari. Mdomo unafunguka, ndani hamna kitu. Hatukujua kuongea bila ukuta.

Halafu mchana mmoja mkono ukatoka umefungwa kitambaa. Kitambaa kimechafuka, si cha leo. Mke wangu ameungua na mimi sina habari!

Nilitaka kumuuliza taratibu. Sauti ndogo sikuwahi kuwa nayo.

"We mwanamke! Umeungua lini?"

Vidole vya wateja vikasimama juu ya simu.

"Juzi, Kibogoyo! Ulikuwa unaota!"

"Nimwite daktari?"

"Mwite mteja anayelipa! Daktari ataomba wali wa bure!"

Nikacheka. Akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa. Binti yetu akatoka stoo ananipungia mikono ninyamaze, lakini tulishafika kwenye mguu, tukaenda kwa mkwe, tukapanda kwenye paa. Nilisimama pale mvuke ukinilowesha uso, na sikutaka kutoka.

Meza nne ziliinuka kabla ya chakula kufika. Wali tuliomwaga ulijaa ndoo. Kesho yake walirudi wateja watatu, na mmoja wao hasikii vizuri. Mwisho wa mwezi kodi ilitushinda, tukamkabidhi mwenye nyumba funguo za chumba cha mbele. Tumebaki na jiko, kidirisha tulichotoboa upya upande wa baraza, na benchi moja hapo nje. Binti yetu aling'oa kioo chake akaondoka nacho. Salamu zake tunazipata kwa shangazi yake.