Wokovu Chini ya Wembe

Mume wangu alikuwa amemshika mteja pua kwa vidole viwili, wembe umetulia kooni, naye anamuuliza kama yu tayari kumpokea Bwana. Mteja akafumba macho. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mume wangu akajitazama kiooni, akapiga haleluya, na roho nyingine ikawa imeokoka.

Hivyo ndivyo alivyojua kuwa ameitwa. Wahubiri wengine hubishiwa, huzomewa, hufungiwa milango. Yeye hajawahi kujibiwa hata neno. Mimi nilikuwa nasuka wanawake nyuma ya pazia, chumba hichohicho, nikisikia yote. Nilimwambia kwamba mtu mwenye wembe kooni hukubali lolote, hata kumuuza mama yake. Akasema naona kwa macho ya mwili. Wateja wakampachika jina la Mtume, kwa kejeli, naye akalivaa kama koti jipya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na mshindo wenyewe ukawa wateja kuhamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Hilo nalo alilifurahia. Aliliita mateso.

Ningemcheka tu nikamwacha, lau asingetaka kunibeba na mimi. Kanisa lilikuwa linatafuta mtu wa kutumwa umisionari mbali, tusikojua mtu, naye alikwisha kujitaja. Mchungaji akimkubali, tungeuza viti, vioo na pazia langu. Mikono yangu ndiyo iliyotulisha wakati yeye akiokoa watu. Leo niiache kazi nikamshikie Biblia? Nilimdharau wazi, mbele ya wateja wangu, wala sikuona haya. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi ndiye niliyeolewa na debe.

Mchungaji akaja kumpima. Alikuwa mtu mnene wa maneno machache, akaketi kwenye benchi la wanaosubiri, mikono juu ya tumbo. Mume wangu alikuwa amefunga tai chini ya aproni. Tai! Nilicheka hadi msichana niliyekuwa namsuka akalalamika kwamba namvuta.

Aliyeingia ni mzee mwashi wa mtaa wa pili, aliyekuwa ametoka kufiwa na mkewe. Ndevu zilikuwa zimemfunika uso nusura nisimtambue. Mume wangu akampaka povu, akanoa wembe, akasafisha koo.

"Mzee wangu, ukiitwa leo hii, utasema nini mbele za Muumba wako?"

Machozi yakachora njia mbili kwenye povu. Mume wangu akamtupia mchungaji jicho kupitia kioo. Nilitamani kumtupia yeye chanuo.

"Ni toba hiyo, mzee wangu! Usiizuie!"

Mzee akainua mkono, akausogeza wembe pembeni taratibu.

"Sijatubu kitu, mwanangu. Marehemu ndiye aliyekuwa akininyoa. Tangu ujana wangu sijashikwa uso na mtu mwingine. Nyamaza kidogo, uninyoe."

Nikashika pazia, nikangoja andiko. Analo andiko la kila jambo, hata la bei ya sabuni. Povu likaanza kukauka shavuni mwa mzee. Mume wangu alikuwa amekodoa macho kwenye kiti chake mwenyewe kana kwamba ndio kwanza anaona kuwa kina mtu.

"Alikuwa anaanzia upande gani, baba?"

"Kushoto. Akimaliza shavu, anapuliza."

Akahamia kushoto. Akanyoa, akapuliza. Kila mzee alipotaka kusema neno, wembe uliondoka usoni ukangoja, na mzee akasema mengi: jinsi mkewe alivyomgombeza akitikisika, jinsi alivyochagua kumnyoa siku walizonuniana. Nilisimama na nywele za watu mkononi, nimeudhika kwa sababu nisiyoijua.

Mchungaji akainuka. "Leo hukuhubiri."

"Sikuhubiri, mchungaji."

"Bado wataka nikutume?"

"Kuna fundi viatu hapo nyuma, amepooza, hajanyolewa tangu augue. Nianze na huyo. Hayo ya mbali tutazungumza."

Alisema hivyo kwa utulivu ulionikera kuliko kelele zake zote. Kelele nilizizoea, nilijua pa kuzipiga.

Nikamfuata kwa huyo fundi na birika la maji ya moto, nami nakiri sikwenda kwa wema. Mgonjwa hawezi kunena, hawezi hata kutikisa kichwa. Hapa Mtume atavuna, nilijisemea, na nitakuwepo nimwone anavyorudia matapishi yake. Chumba kilinuka ngozi na dawa. Dada wa mgonjwa alitufungulia, akatuachia njia.

Mume wangu akapiga magoti kando ya kitanda. Akachukua mkono wa yule mtu, ule wenye uhai kidogo, akatia kidole chake ndani ya kiganja.

"Nikikuumiza, kaka, nibane. Ukitaka nipumzike, nibane. Ukitaka niondoke pia."

Akangoja. Mimi mlangoni nilingoja pia mahubiri, ulimi wangu tayari. Vile vidole vikajikunja polepole, vikamshika.

"Mke wangu," alisema bila kugeuka, "njoo univutie ngozi ya shavu. Mkono wangu mmoja anao yeye."

Nikaweka birika chini. Nilitaka kusema kitu cha kumkata maini, na nilikuwa nacho. Shavu la yule mtu lilikuwa na joto.