Kava Lisilo na Tarehe

Fundi wa kompyuta alimwekea makava matatu juu ya meza, akakunja mikono, akasubiri mteja achanganyikiwe. Wateja wake wote huchanganyikiwa hapo, na yeye hufurahi, maana ndipo anapopata nafasi ya kuhubiri. Ila huyu hakuwa mtu wa kuhubiriwa. Alikuwa mkaguzi wa majengo, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, viatu vimejaa vumbi la saruji, na kazini kwake walimwita Mama Vioo. Alilichukua kava la kwanza, la mpira mzito mweusi, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalirudisha. La pili lilikuwa mfuko wa kitambaa wenye zipu na sifongo ndani; hilo hakuligusa kabisa. La tatu lilikuwa la plastiki ngumu inayopitisha mwanga, vipande viwili, cha juu na cha chini, vinavyobana kwa vimeno vidogo. Hilo alilishika muda mrefu.

Fundi alimsihi achukue la mpira. Alimweleza kwamba mpira unameza pigo, mashine ikianguka inadunda tu na maisha yanaendelea. Hilo la plastiki ni la mapambo, alisema, lina majivuno mengi, lakini likianguka mara moja tu kona inapasuka.

"Na la mpira likianguka litaonyesha?" aliuliza.

"Halionyeshi kitu, dada. Ndiyo uzuri wake."

"Basi nipe hili gumu. Mimi nataka linalosema."

Fundi alicheka mpaka akajifuta macho. Alisema tangu afungue duka hajaona mtu anayenunua kava ili livunjike. Halafu akamwonya kwamba laptopu yake ni ya zamani, na makava magumu ya kuitosha yamebaki mawili tu, kwa hiyo kama ana akili achukue yote. Alimjibu kwamba moja linatosha. Fundi akalirudisha lile gumu la pili rafuni, na Mama Vioo akaanza kuivalisha mashine yake pale pale mezani, kimeno kwa kimeno. Alipomaliza aliigeuza, akatoa kwenye mkoba kalamu ya wino usiofutika, akaandika tarehe ya siku hiyo chini, pembeni ya kimguu cha mpira, kwa tarakimu ndogo za kutafutwa kwa macho. Hata hakujua kwamba ameandika. Mkono ulikwenda wenyewe.

Ulikwenda wenyewe kwa sababu ya kazi. Ukuta ukipata ufa, mkaguzi hakai kuutazama na kutikisa kichwa. Anachukua kipande chembamba cha kioo, anakilaza juu ya ufa kama daraja, anakishika pande zote mbili kwa plasta, kisha anaandika tarehe juu yake. Ufa ukitulia, kioo kinabaki kizima. Ukisogea hata kwa unene wa kucha, kioo kinakatika, na hapo hakuna wa kubisha. Kioo kisicho na tarehe hakina kazi, maana nani atajua kimewekwa lini? Aliyemfundisha kazi alikuwa mzee mmoja mkali wa maneno, na alimkataza jambo moja tu: asiandike kamwe kwamba ufa umeganda. Maji yanaganda, mafuta yanaganda, alisema mzee yule. Ufa unangoja. Andika "haujasogea," weka tarehe, nenda zako, kisha urudi tena.

Kwa miezi minane Mama Vioo alikuwa akirudi kwenye jengo moja la ghorofa nne, lenye kaya thelathini na mbili. Alikuwa na vioo sita humo. Vinne vilikuwa vimekatika, akaweka vingine, navyo vikakatika. Cha tatu, ghorofa ya pili pale ngazi zinapokata kona, kilikatika mara tatu. Vipimo vyote vilikuwa ndani ya laptopu hiyo, na Jumatatu asubuhi kamati ingekaa kuamua kama watu wahamishwe au wabaki. Pasipo vipimo, kamati ingesema wabaki. Kamati haisikilizi mambo ya kichwani.

Aliyesimamia ujenzi wa jengo hilo, miaka sita nyuma, alikuwa mume wake.

Mtaa mzima ulimwita Nyapara, na walimpenda. Mtu mpole, asiyepaza sauti, mwenye kushika ufagio bila kuambiwa. Mke wake alipopewa kazi ya kulikagua lile jengo alimwambia ukweli siku hiyo hiyo, naye akasema kazi ni kazi, asimwonee haya. Hakuwahi kumkataza. Alichofanya ni kumsaidia, na msaada wake ulikuwa na mkosi. Mwezi uliopita aliuona mkoba wake wa kazi umechafuka, akamfulia, akausugua vizuri kweli, na daftari la vipimo lilikuwa ndani. Kurasa ziligandana zikawa donge. Aliomba radhi mpaka mke wake ndiye akaanza kumbembeleza. Wiki hii alikuwa anapiga deki, mguu ukanasa kwenye waya wa chaji, laptopu ikaanguka kutoka mezani. Iliwaka, kwa bahati. Nyapara alishika kichwa kwa mikono miwili.

Ndipo mkewe akaenda kutafuta kava. Alijiambia anaikinga mashine na mikosi ya nyumbani. Mimi nasema alikuwa ameshaanza kuogopa, ila hofu yenyewe hakuwa ameipa jina. Mtu mliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na saba huwezi kumpa jina la hofu kirahisi.

Ijumaa hiyo jioni Nyapara alilisifia kava. Aligonga juu yake kwa ukucha, akasema sasa hata yeye na deki zake hawataweza kuidhuru, wakacheka wote wawili. Jumamosi Mama Vioo alikwenda kumwona shangazi yake mgonjwa, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi. Mawingu yalikuwa mazito. Nyapara ndiye aliyemshauri aiache laptopu kabatini isije ikalowa, na ushauri ulikuwa wa maana, akauacha mzigo akaondoka na mwavuli tu. Aliporudi alikuta chakula kimepikwa na maji ya kuoga yamechemshwa.

Jumapili baada ya chakula cha mchana Nyapara alitoka, akisema anakwenda kumsalimia dada yake. Mama Vioo akakaa mezani kumalizia ripoti. Alilikagua kava kwanza, kama anavyokagua kila kitu. Kona nne zilikuwa nzima. Hapakuwa na ufa wala mkwaruzo. Moyo wake ukatulia, akajicheka kwa kumshuku mwenzake bure, na akiwa katika kujicheka akaigeuza mashine aone upande wa chini.

Pembeni ya kimguu cha mpira hapakuwa na kitu.

Alipangusa kwa kidole. Akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akainama, akaivutia karibu na pua. Plastiki ilikuwa safi, mpya, inanukia duka bado. Alijaribu kujidanganya kwamba labda hakuandika, lakini wino ulikuwa umemgusa kidole cha shahada siku ile, na alama yake ilikuwepo mpaka leo. Alichukua simu akampigia fundi, akamuuliza kama lile kava la pili bado lipo.

"Aa, umechelewa, dada. Shemeji alilichukua jana mchana. Anasema mashine ilimponyoka, akaja na kile kipande kilichovunjika kona ili asikosee saizi. Mtu mstaarabu sana, akaniomba nisikwambie, eti utahuzunika." Fundi akajishtukia. "Na mimi nimeshasema."

Alimshukuru, akakata. Akajikaza kisabuni, akaifungua laptopu. Neno la siri lilikuwa tarehe yao ya ndoa. Alilibonyeza herufi kwa herufi huku akitamani lingekuwa jambo jingine lolote, siku aliyozaliwa paka wa jirani, chochote ambacho mume wake asingekijua.

Jedwali lilikuwa pale pale, safu zote, tarehe zote. Ufa wa kwanza, milimita mbili. Wiki iliyofuata, mbili. Miezi minane, mbili na mbili. Ufa wa tatu, uliovunja vioo vitatu mbele ya macho yake, nao mbili, tangu juu mpaka chini. Na kwenye safu ya maelezo, pale alipokuwa ameandika kwa mkono wake "umesogea, kioo kimekatika," palikuwa na neno moja lililorudiwa mara thelathini na kitu.

Umeganda. Umeganda. Umeganda.

Hilo halikuwa neno lake. Lilikuwa neno la watu wa zege, wanaongoja zege igande ndipo wavue mbao. Alilisikia kila siku nyumbani kwake, mezani, kutoka kinywa kimoja. Kama mume wake angelifuta jedwali lote, yeye labda angesema ni mashine iliyoharibika. Lakini Nyapara alikuwa amekaa, akaandika, akajitahidi kuandika vizuri, na katika kujitahidi akaandika kwa ulimi wake mwenyewe. Mama Vioo alihisi uchungu kwanza, kabla ya hasira. Kisha akakumbuka kwamba bado ana shahidi mmoja asiyekaa ndani ya kompyuta. Akaiweka laptopu kwapani, hata mkoba hakuchukua, akatoka.

Jengo lilikuwa katika Jumapili yake ya kawaida. Nguo zimeanikwa kwenye korido, redio tatu zinashindana, watoto wanaruka kamba mlangoni. Wifi yake, yule dada wa Nyapara, alikuwa akiishi chumba cha kwanza chini. Alipiga hodi, hakujibiwa. Pazia la dirishani halikuwepo. Alichungulia akaona sakafu iliyofagiwa na msumari uliokuwa umeshika saa ya ukutani. Jirani aliyekuwa akichambua mboga alimwambia wifi yake amehama tangu jana, kaka yake alikuja na pikapu wakapakia kila kitu, hata kamba ya kuanikia. Jirani huyo alikuwa na manung'uniko kidogo, maana mtu anahamaje bila kuaga wenzake.

Mama Vioo alipanda ngazi akishika ukuta. Alijua atakachokiona huko juu, maana mume wake alikuwa amefika humo jana. Angekuta kioo cha tatu kimewekwa kipya, kizima, na juu yake tarehe ya miezi minane iliyopita iliyoigizwa mwandiko wake, ili kamati ikija kutazama ikute ukuta na jedwali vinasema neno moja. Alikuwa ameshaanza kupanga maneno ya kubishana na kioo hicho.

Alikikuta kipya kweli. Tarehe ilikuwa ya miezi minane iliyopita, na saba yake ilikuwa na kistari katikati kama anavyoiandika yeye. Mume wake alikuwa na jicho zuri. Plasta ilikuwa imeshashika, lakini alipoweka kiganja aliihisi bado ya baridi, bado na unyevu wa jana.

Na kioo kilikuwa kimekatika katikati.

Alisimama akikitazama. Kioo cha kwanza mahali hapo kilichukua miezi mitatu kukatika. Cha pili miezi miwili. Cha tatu wiki tano. Hiki hakikumaliza hata siku mbili. Alipitisha ukucha kwenye ufa, ukucha ukazama wote. Kutoka mahali fulani ndani ya ukuta, nyuma ya redio zote tatu, palitoka mlio mdogo mkavu, na vumbi jeupe likamwangukia kwenye kiatu.

Simu ikaita. Alikuwa Nyapara, amerudi nyumbani amekuta kiti kitupu.

"Uko wapi?" aliuliza, kwa ile sauti yake ya upole.

"Kwenye jengo lako. Ghorofa ya pili, ufa wa tatu."

Alingoja amwulize amefuata nini huko siku ya mapumziko, au amwambie arudi wazungumze, au aseme uongo wowote ule. Kusema kweli, kama angesema uongo mzuri sekunde ile, huenda mwanamke yule angeusikiliza, kwa vile alivyokuwa anautamani.

"Toka humo," Nyapara alisema. Sauti haikuwa yake. "Mke wangu, nakuomba, toka humo sasa hivi. Usizungumze na mtu, shuka tu."

"Na hawa wengine?"

"Wewe toka kwanza."

Alikata simu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, hakukuwa na nafasi hiyo. Milango ya jengo lile ilikuwa ya chuma, na kwa miezi minane alikuwa ameona jinsi mkono mtupu usivyosikika ndani redio zikiwa juu. Akaishika laptopu kwa mikono miwili, kona mbele, akagonga nayo mlango wa kwanza. Alifungua mama mmoja mwenye povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, akataka kujua kulikoni.

"Toka na watoto. Acha vyombo. Mengine nitakueleza nje."

Akagonga wa pili. Mwanamume aliyefungua alianza kuuliza yeye ni nani na anatumwa na ofisi gani, lakini mama wa sabuni alishampita ngazini na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, naye akaacha maswali, akarudi ndani kuita watu wake. Kwenye mlango wa tatu kona ya kava ilipasuka, tak, na kipande kikaruka sakafuni. Aligeuza upande mwingine, akaendelea kugonga.