Jabilo Aliyekosa Yago

Kosa la kwanza lilikuwa la Faruk, na Lynnet alilicheka mpaka mbavu zikamuuma, naye alikuwa mtu asiyehitaji kuongezewa maumivu.

Ilikuwa Sindo, kando ya ziwa, mwaka wa tisini na sita. Zadock na Faruk walikuwa kidato cha tatu, dawati moja, na walikuwa wameanza kuandika hadithi ndefu katika daftari moja kwa zamu: leo sura ya huyu, kesho kutwa sura ya yule. Nchi ya hadithi hiyo ilikuwa na ziwa lililoning'inia juu ya vilima, na samaki wake walivuliwa kwa ngazi. Msomaji wao alikuwa mmoja tu, Lynnet, dadake Zadock, mwenye miaka kumi na minne na ugonjwa wa selimundu uliomlaza wiki nzima nzima mifupa ikiwaka moto.

Zadock ndiye aliyebuni shujaa. Alimwita Otenga, akampa upanga na farasi mwekundu. Faruk akasema hadithi kama hiyo haiwezi kwenda bila mzee mwenye nguvu za ajabu. Sasa, Faruk alikuwa mtoto wa Abdikarim mwenye duka la vitambaa, amekulia sokoni, na Kijaluo chake kilikuwa cha kuuzia mashuka. Alimuuliza mteja mmoja mchawi anaitwaje kwa Kijaluo, akaambiwa, akaenda kuandika kwa madaha: "Ndipo akatokea Jajuok, mwenye hekima kuliko wote, na watu wote wakamkimbilia."

"Wakamkimbilia?" Lynnet alijiinua kitandani. "Faruk, jajuok ni yule anayekimbia uchi usiku akiwarushia watu mchanga kwenye mabati! Nani atamkimbilia? Watu watamkimbia, bana!"

"Kwani si ni mchawi?"

"Ni mchawi. Hiyo ndiyo shida."

"Lakini huyu wangu ni mzuri."

"Basi huyo si jajuok. Huyo ni jabilo." Akamweleza, akifuta machozi ya kicheko, kwamba jabilo alikuwa mtu wa zamani aliyeona vita kabla havijafika, aliyejua dawa na siku, ambaye watu hawakutoka kwao bila kumuuliza. "Mwite hivyo. Na umvalishe nguo."

Zadock alikuwa ameketi papo hapo, kwenye kiti cha kamba, na neno lile yeye pia alilijua. Hakuna aliyemuuliza. Kitu kidogo kikamchoma chini ya kifua, kama mfupa wa samaki uliokwama.

Jabilo akavalishwa nguo, akaingia katika hadithi na hakutoka tena. Faruk hakumpa radi wala joka. Alimpa uwezo wa kuchoma kilima kwa kukitazama, kisha sura baada ya sura akamfanya asikichome. Wanajeshi wakija kumkamata, anawatengea chai. Mfalme akimtisha, anamuuliza kama alilala vizuri. Alikuwa na uwezo mmoja tu ambao aliutumia kweli: aliweza kuazima maumivu ya mtu na kuyabeba mwenyewe kutwa nzima, na kila alipofanya hivyo alisahau jina moja miongoni mwa majina aliyoyajua. Alikuwa amekwisha kusahau jina la mkewe. Lynnet aliposomewa hapo alisema, "Soma tena hapo kwa mkewe."

Sura za Otenga hakuomba zirudiwe.

"Amekata kichwa tena?" aliuliza siku moja Zadock akiwa katikati ya pigano.

"Ni cha mamba. Mamba mwenye vichwa vinne."

"Vimebaki vingapi?"

"Viwili."

"Basi malizia haraka, tufike kwa jabilo."

Zadock alimaliza haraka. Nje, mama yao Pamela alikuwa akigeuza omena, dagaa wale wadogo, kwenye nyavu juani, na kicheko cha Faruk kilipotoka dirishani alisema kwa sauti, "Huyo mtoto wa Abdikarim ni dawa kuliko zile za hospitali." Alisema kwa wema tu. Lakini nani alikuwa akimbeba Lynnet mgongoni kumpeleka chooni miguu ilipovimba? Nani alikesha akimkanda magoti kwa maji ya moto? Faruk alikuja saa kumi, amepiga pasi shati, akakaa saa moja, akaondoka na mapenzi yote ya nyumba ile mfukoni.

Usiseme Zadock hakujaribu. Alikaa akamchunguza mzee yule wa karatasi jinsi mtu anavyomchunguza mwanamume mwenzake aliyeposa msichana ambaye yeye pia anamtaka. Ana nini? Hana nguvu za mwili, hana sura, anachelewa kila mahali, akiulizwa jambo anajibu kwa swali. Zadock akamtengenezea Otenga ndevu na fimbo, akamfanya aseme maneno ya mafumbo. Lynnet akasikiliza, akafinya macho. "Otenga ni mgonjwa?" akauliza.

Mwezi wa nane, shule zilipofungwa, Abdikarim akafungua duka la pili Isebania, mpakani, akamwita Faruk akamsaidie likizo nzima. Faruk akamwachia Zadock daftari. "Zamu ni yako, omera. Andika mbili ukitaka. Mimi nikirudi nitaunganisha."

Zadock aliandika moja, nayo ilikuwa fupi. Jabilo alivuka ziwa lile la juu ya vilima kwa mtumbwi, peke yake, upepo ukaja, mtumbwi ukapinduka, akazama. Otenga alimtafuta siku saba. Hakuonekana tena, hata kofia yake. Zadock akaweka nukta, akaibonyeza mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Kisha akanakili sura ile kwenye karatasi nyingine, akamtumia Faruk Isebania kwa mkono wa dereva wa lori la samaki, kwa sababu alitaka aione.

Alipomsomea Lynnet, Lynnet aligeukia ukutani.

"Ni hadithi tu," Zadock akasema.

"Najua."

"Watu hufa kwenye hadithi."

Bila kugeuka, Lynnet akauliza, "Mwili ulipatikana?"

"Nimesoma hapo. Haukupatikana."

"Mlizika nini?"

Zadock hakuelewa.

"Mtu akipotelea ziwani watu wanazika yago," alisema Lynnet, na sauti yake ilikuwa na ukali wa mwalimu. Yago ni lile tunda refu, zito, la mwegea. Tunda hilo hulazwa kaburini badala ya mwili usiopatikana, likaliliwa kama maiti nyingine. Walimzika hivyo baba mdogo wao, nao wote wawili walikuwapo. "Uliandika yago hapo?"

"La."

"Kaburi lilichimbwa?"

"Lynnet..."

"Basi hajafa. Huwezi kumuua mtu nusu nusu, Zado. Faruk akirudi atamtoa."

Faruk akirudi. Kila kitu kilikuwa Faruk akirudi. Zadock akatoka nje akaenda kugeuza omena ambazo zilikwisha kugeuzwa.

Wiki mbili baadaye Lynnet akashikwa na maumivu ambayo hayakuwa kama mengine. Wakamkimbiza Homa Bay, akalazwa, akatundikiwa chupa ya maji na baadaye ya damu. Daktari alizungumza na Pamela mlangoni kwa sauti ya chini, na Pamela akarudi akiwa amejifunga leso upya, kwa nguvu, kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo. Lynnet aliongea kidogo. Alichosema zaidi ni kimoja: kama Faruk ameandika.

"Nenda Isebania," Pamela akamwambia Zadock. "Mlete, au ulete alichoandika. Mtoto wangu hataki kingine."

"Mama, mimi naweza kumsomea—"

"Zadock. Nenda, baba."

Akaenda. Rongo, Migori, hadi Isebania, ambako wabadilishaji pesa walimvuta mikono yote miwili kabla hajakanyaga chini. Duka lilikuwa karibu na stendi. Mamake Faruk, Mulki, alimpokea kwa maji ya kunawa na sahani ya wali kabla ya swali lolote.

"Faruk hayupo, mwanangu. Amevuka jana na babake kwenda Musoma kutafuta vitenge. Ni siku tatu, nne."

Siku tatu. Zadock akaweka kijiko. "Aliacha daftari, Mama? Karatasi yoyote? Sura?"

"Hajaandika kitu. Alipata ile yako ya mzee kuzama. Nikamwambia, huyu rafiki yako amekuulia mtu wako, hukasiriki? Akasema, 'Zadock ana mpango wake. Yeye ndiye anajua hadithi inakwenda wapi, mimi naweka chumvi tu.'" Mulki akacheka. "Anakusifu wewe mpaka babake anachoka."

Afadhali angetukanwa. Zadock aliomba ruhusa akatoka, akanunua daftari la kurasa thelathini na mbili, akakaa kwenye benchi la baraza ya duka, magari ya mizigo yakipanga foleni kuelekea Sirare, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa na muda mpaka gari la Homa Bay lijae. Akaandika, "Otenga alichukua upanga wake," akakata. Akaandika, "Otenga alipiga mbizi," akakata.

Akakaa. Akafikiria kile ambacho Lynnet angetaka, si kile ambacho yeye angetaka Lynnet akitake, na hapo Otenga akaondoka mwenyewe na farasi wake, bila kelele. Jabilo akapanda kutoka chini ya maji. Alikuwa amelowa, amechelewa, na hakuwa na haraka. Alitembea mpaka kwenye nyumba ambamo msichana alikuwa amelala, akakamua kanzu yake mlangoni ili asilowanishe sakafu. Hakumwambia atapona. Alimuuliza, "Leo ni mfupa gani? Nipe huo mmoja niubebe. Kesho tutaongea kuhusu mwingine." Msichana akamwambia, "Lakini utasahau jina." Jabilo akasema, "Nilikuwa chini ya ziwa muda mrefu, nikapanga majina yangu. Lako nililiweka mwisho kabisa." Zadock aliandika hivyo bila kuinua kichwa, kurasa sita, na utingo alipomwita kwa mara ya tatu mkono wake ulikuwa umekakamaa.

Alifika wodini jua likiwa bado juu. Pamela alikuwa akimpepea Lynnet kwa kipande cha katoni.

"Zado," Lynnet akasema bila kufumbua macho. "Ameandika?"

Zadock alilifungua daftari. Alikuwa amelipanga neno lake tangu Rongo. Angesema: mimi ndiye niliyeandika. Angesema na kusubiri uso wake ubadilike. Lakini aliutazama uso ule, jinsi ulivyokuwa umeegemea upande wa jibu.

Akasoma.

Alisoma polepole. Kwenye kanzu kukamuliwa mlangoni, mdomo wa Lynnet ulitingishika. Kwenye mfupa, alisogeza mguu wa kushoto chini ya shuka, kidogo tu, kama anayeutoa. Zadock alipomaliza, Lynnet akavuta pumzi.

"Unaona?" akasema. "Nilikwambia atamtoa."

"Uliniambia."

"Wewe ungemfanya apigane na samaki huko chini."

Pamela akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Zadock akacheka pia.

"Faruk sasa anaandika vizuri zaidi," Lynnet akasema. "Zamani alikuwa anachekesha tu. Hii... mwambie hii ni nzuri kuliko zote. Utamwambia?"

Mfupa ule wa samaki ulikuwa palepale chini ya kifua. Alichobakisha ni kufungua mdomo, na sifa zote zingekuwa zake, na Faruk asingekuwa na hata sentensi moja ndani yake. Na Lynnet angejua kwamba Faruk hakuandika.

"Nitamwambia," akasema Zadock.

"Soma tena."

Alimsomea siku ile mara tatu, na siku iliyofuata hakuhesabu. Lynnet alifariki siku ya tatu asubuhi, mkono wake ukiwa juu ya jalada.

Walimzika Sindo, upande wa kushoto wa nyumba ya mama yake. Faruk na babake walifika wakitokea moja kwa moja mpakani, Abdikarim amevaa kofia nyeupe, Faruk macho yamevimba. Vijana walikuwa wameanza kufukia. Pamela alimwona Faruk, akapita katikati ya watu, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye hema. "Ile sura uliyomwandikia ndiyo iliyomlaza kwa amani. Alikwenda bila kulia. Asante. Asante sana."

Faruk alifungua mdomo. Akamtazama Zadock juu ya bega la Pamela, na Zadock aliona jambo lile likimwingia rafiki yake polepole: kwamba hakuna sura aliyoandika, na kwamba ipo iliyosomwa. Zadock akatikisa kichwa, kidogo tu, kumkataza.

"Asante, Mama," Faruk akasema.

Watu waliokuwa karibu wakamsogelea Faruk, wakimpa mkono, shangazi mmoja akimwambia kwamba mikono hiyo ina baraka. Zadock alitazama. Yeye ndiye aliyetaka iwe hivyo, na bado wivu ulimpanda kama siku ya kwanza, moto uleule, mbele ya kaburi la dada yake, akauonea aibu na haukuondoka. Akamwendea kijana aliyekuwa karibu, akampokonya sepetu, akaanza kujaza udongo.

Baada ya muda kidogo Faruk alikuja na sepetu nyingine, akasimama upande wa pili, wakajaza wote wawili.