Nimeazimwa kwa Siku Kumi na Nne

Usiku wa kuamkia jana niliota nimefika kazini asubuhi na kukuta kiunzi cha mifupa kimekaa kwenye kiti changu cha kaunta. Ni kile kile tunachowaazima wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza. Nina miaka ishirini na sita ya ukutubi katika maktaba ile ya chuo cha tiba, na sijawahi kuamkiwa na mifupa.

"Shikamoo, Mzee Mhando," kikasema.

"Marahaba. Toka kwenye kiti changu."

"Haiwezekani, mzee. Maktaba inafanywa ya kisasa. Kilichokaa miaka kumi bila kuazimwa kinaondolewa. Mimi mwaka huu peke yake nimeazimwa mara mia mbili na nne."

Nikakionea wivu. Sioni haya kusema. Kitu chenyewe hata ulimi hakina.

Lakini wivu wangu haukuanzia kwenye mifupa. Ulianza miaka miwili iliyopita alipoletwa Nsia Kimaro, binti wa miaka ishirini na tisa, na kompyuta zake. Wanafunzi waliokuwa wakinipangia foleni wakahamia kwake. Dada Nsia, nitafutie makala za figo. Dada Nsia, nisaidie marejeo. Mimi nikabaki kuulizwa choo kiko wapi. Sasa kamati imeamua rafu zangu za ukutani zing'olewe, Nsia apate vyumba vya majadiliano, isipokuwa ionekane kuwa vitabu vya rafu hizo bado vinaazimwa.

"Geuka," kiunzi kinasema.

Nageuka. Kumbe mgongoni nimebandikwa karatasi ya tarehe, kama ile ya mwisho wa kitabu. Kinaisoma kwa kidole, na kidole ni kikavu.

"Muhuri wako wa mwisho una miaka kumi na mmoja. Panda toroli."

Napanda bila ubishi, maana utaratibu huo nimewafundisha wenzangu mimi mwenyewe. Kwenye toroli kuna kitabu kinene cha upasuaji. Kinajisogeza kunipa nafasi, kisha kinanitazama vibaya.

"Mimi ningepona kwa muhuri wako," kinalalamika. "Wewe ndiye uliyeniponza. Umenigonga muhuri Jumapili!"

Ni kweli, na hilo halikuwa la ndotoni. Jumapili iliyotangulia niliingia maktaba kwa ufunguo wangu, nikagonga mihuri ya uongo kwenye vitabu arobaini ili Nsia akose vyumba vyake. Nilikusudia kutawanya tarehe za mwaka mzima. Ila mkono wa mkutubi una mazoea yake: kabla haujagusa kitabu, unasogeza muhuri kwenye tarehe ya kurudishwa, siku kumi na nne kuanzia leo. Ukasogeza. Vitabu arobaini vikaazimwa Jumapili, siku ambayo maktaba haifunguliwi, kwa hiyo uongo unaonekana wazi.

Toroli linapita kwenye mlango wa chumba cha majarida, na upande wa pili ni chumba cha upasuaji. Madaktari watatu wamevaa barakoa. Taa inaniwakia usoni.

"Tunapunguza mkusanyiko wa maktaba," ananieleza mkubwa wao kwa upole. "Kuna ushahidi kwamba huyu bado anatumika?"

Kabati la zamani la kadi za vitabu, lililosimama pembeni na kofia ya upasuaji, linajikohoza na kufungua droo.

"Upo. Nsia Kimaro, kila siku ya kazi, miaka miwili. Anamwuliza: 'Mzee Mhando, samahani, kitabu hiki kilikuwa kinakaa wapi?' Anajibiwa: 'Tafuta kwenye kompyuta yako.'"

Madaktari wanatazamana.

"Kwa hiyo anatumika, ila hataki kufunguliwa," anasema mmoja, anachukua kisu.

Wakati huo huo anaingia Nsia na kadi yake ya maktaba mkononi. Moyo wangu unanituma nimfukuze. Hata kifo changu anataka kukihudhuria?

"Huyu namwazima mimi," anasema.

"Ana vumbi," daktari anamwonya.

"Nalijua vumbi lake."

"Siku kumi na nne. Usimcheleweshe."

Nsia ananishika mkono, anasogeza tarehe ya muhuri, ananigonga nao. Wote wanampigia makofi. Nami nimelala pale mezani na wivu wangu: hata kuokolewa kwangu kumempa sifa yeye!

Nikaamka. Ilikuwa jana, Jumapili, jua limeshaingia chumbani. Mke wangu alikuwa jikoni akikaanga maandazi. Nikanyoosha mkono kutafuta saa, nikaona wino wa zambarau juu ya kifundo cha mkono. Muhuri ninaujua vizuri, na nina hakika ulikuwa umefungiwa kwenye droo ya kaunta.

Nikasugua kwa mate. Haukutoka. Nikaisoma tarehe ya kurudishwa, nikahesabu kwa vidole, nikarudia kuhesabu.

Siku kumi na nne kamili. Inaangukia Jumapili. Siku hiyo mlango umefungwa, na hakuna wa kunipokea kaunta.

Binti naye amekosea. Amekosea kosa langu lile lile, kwa mkono ule ule wa mazoea. Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kulikoni, na kwa mara ya kwanza tangu Nsia aje nikatamani kesho ifike, aniulize kitabu kilikuwa kinakaa wapi, nimwonyeshe, kisha nimwambie habari za vitabu arobaini.