Haki ya Kula

Kwanza ieleweke kwamba Teodora hakuwa mjinga. Wastani wake ulikuwa C, na C si ujinga. Ni alama ya mtu aliyesoma, akafaulu, akaishia hapo. Kilichomvuta chini ni Kiswahili. Wizara ilikuwa imempanga chuo kimoja cha ualimu huko kusini, karibu na bahari, ambako watu wamezaliwa na Kiswahili mdomoni, naye alitoka Usukumani na ulimi usioijua R. Kila alipotaka kusema "barabara" ikatoka "balabala", darasa zima lilikufa kwa kicheko, na mwalimu wa somo akacheka nao, kisha akampa D. Hiyo D ikaziburuta alama nyingine zote.

Angevumilia tu amalize, maana alibakiza mwaka mmoja. Lakini mwezi wa tatu mama yake alianguka.

Mama Teo alikuwa mama ntilie, akipikia wasafiri chakula pale njia panda ya Usagara, na hakuna dereva wa lori wala utingo wa miaka ile ambaye hakuijua sauti yake. "Kalibu kulaaa!" Ilivuka barabara, ikapita juu ya ngurumo za injini, ikamfikia abiria aliyesinzia dirishani. Tangu biashara zilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kuuza alichonacho, ni sauti ile iliyomsomesha binti yake. Kiharusi kikamchukua upande wote wa kulia, na sauti kikaondoka nayo. Alipopata nafuu alibaki na "ta-ta-ta" tu. Jirani yao Bernadeta, mwanamke mwema lakini asiye na subira, alimlisha na kumwogesha, ila hakumwelewa hata kidogo. Akiombwa maji, analeta blanketi.

Teodora alipokuja likizo ndiye aliyegundua namna. Alimtajia mama yake vitu kimoja kimoja: maji? uji? nje? nikugeuze? Akipatia, mama aliinua mkono wa kushoto. Akikosea, mkono ulilala palepale, na akikosea sana mama alisonya kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Kwa mtindo huo waliweza hata kusengenya watu.

Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili tu. Ama ahamie chuo cha Butimba, hapo Mwanza, awe anafika nyumbani kila mwisho wa wiki, ama aache kusoma kabisa. Na ualimu alikuwa anautaka jamani, tangu yuko darasa la pili, alipokuwa akiwapanga kuku wa mama yake mstari na kuwaita majina.

Mkuu wa chuo hicho cha Butimba, Mzee Muganyizi, alikuwa Mhaya mrefu, shati limenyooka kwa pasi, sauti ya chini. Alimpokea ofisini kwake.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Keti. Nyumbani wapi?"

Teodora alikuwa amejiandaa. Njia nzima alichuja maneno yake kama mtu anayechambua mchele, kila lenye R akalitupa. "Ruhusa" aliitoa akaweka "kibali". "Tafadhari" wanayoiandika watu wa kwao wakiogopa kukosea aliikumbuka kwamba kumbe ni "tafadhali", akafurahi kwamba angalau mara moja makosa yako upande wa pili. Alichosahau ni jina la kwao mwenyewe.

"Usagala," alisema.

Muganyizi akainua macho kutoka kwenye karatasi ya matokeo ya Teodora. "Usa-ga-ra. Na Kiswahili una D."

"Ndiyo, mkuu."

"Wastani C. Hapa wanaohamia tunawachukua wenye B. Wiki haipiti bila mtu kukaa kwenye hicho kiti, wengine wana wajomba wizarani, na nimewarudisha. Nikikupokea wewe, wale nitawaambia nini?"

Lilikuwa swali la haki. Teodora akasema ukweli tu. "Mama yangu hawezi kusema. Anayemwelewa ni mimi peke yangu. Usiponipokea naacha chuo, mkuu." Machozi yalimjia akayameza, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Hakutaka kulilia nafasi mbele ya mtu.

Mzee yule aliipigapiga meza kwa kidole. "Kesho saa mbili asubuhi uje shule ya mazoezi, darasa la tatu," alisema. "Utafundisha kipindi kimoja cha siasa. Mada, uchaguzi. Ukifundisha vizuri tutazungumza. Ukiboronga, utakuwa umenirahisishia kazi."

Uchaguzi! Ulikuwa mwaka tisini na tano, mwaka ule wa vyama vingi, kila ukuta una bango na kila siku gari la kipaza sauti linapita. Mada gani tamu kama hiyo? Teodora alitoka ofisini moyo unamchezea kwa furaha, akafika getini, ndipo ikamgonga. Utafundishaje uchaguzi bila kutaja kura? Neno hilo ulichuje uwezavyo, halitoki.

Asubuhi yake darasa lilijaa, watoto wamebanana kwenye madawati, Muganyizi kakaa nyuma kabisa, magoti yamemfika kifuani. Teodora aliandika ubaoni KURA, herufi kubwa, safi. Mkono wake haukuwa na tatizo lolote na R.

"Leo tutajifunza juu ya kupiga kula," alisema. "Kila Mtanzania aliyetimiza miaka kumi na minane ana haki ya kula. Ana haki ya nini?"

"Ya kulaaa!" Watoto wa Mwanza hao, walimwitikia vilevile alivyosema.

"Na ambaye hajatimiza je?"

"Hana haki ya kulaaa!"

Waliitikia kwa nguvu, kisha wakaanza kutazamana. Msichana mmoja wa dawati la mbele, mwenye sare iliyopauka, aliinua mkono. Uso wake ulikuwa umejaa wasiwasi wa kweli.

"Mwalimu, kwa hiyo sisi leo mchana hatupewi chakula?"

Kule nyuma Muganyizi alifunika mdomo kwa leso. Weee! Teodora alihisi masikio yanawaka moto. Alisikia tena kile kicheko cha kusini, na miguu yake, nawaambia, ilikuwa imeshageukia mlango. Lakini yule mtoto alikuwa bado anasubiri jibu, mkono uko juu. Ni ule mkono uliomzuia. Aliutazama, akamkumbuka mwingine anayeinua mkono akiwa kitandani.

"Mtakula, mwanangu," alisema. "Aliyekosea ni mwalimu. Tazameni ubaoni." Chini ya KURA akaandika KULA. "Haya ni maneno mawili. Moja la mdomoni, moja la sandukuni. Ulimi wangu unayachanganya. Nani mwingine hapa ulimi wake unayachanganya?"

Mikono ikaanza kutoka, mmoja, mwingine, mpaka darasa karibu zima.

"Basi mtanisaidia. Nikisema la chakula, peleka mkono mdomoni. Nikisema la sanduku, inua mkono juu. Mimi mwenyewe sina hakika nitasema lipi, kwa hiyo sikilizeni sana."

Akasema. Nusu ya darasa wakala, nusu wakapiga kura, wakaanza kubishana kama wazee wa baraza. Akarudia, safari hii ulimi akiupapatisha kama anayefukuza ndege shambani, na mikono yote ikaenda juu, kelele zikafika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule. Baadaye watoto wakawa ndio wanaosema, yeye anaonyesha kwa mkono; akikosea wanamzomea, naye anazomewa huku anacheka. Mwisho alichukua boksi tupu la chaki, akalitoboa tundu, wakapiga kura ya siri kuchagua kati ya dagaa na maharage. Dagaa walishinda. Upande wa maharage ulidai kura zimeibiwa.

Muganyizi alimsubiri nje, chini ya ukingo wa bati.

"Nani alikufundisha mbinu ile?"

"Mama."

"Ni mwalimu?"

"Ni mama ntilie, mkuu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Sikufichi. Wastani wako jana ulikuwa C na leo ni C. Mwaka wa pili sikuingizi. Utaanza mwaka wa kwanza, upya, pamoja na wale wanaofika sasa, na Kiswahili utakisoma mpaka D hiyo itoke. Mwaka mzima unaupoteza. Unakubali?"

Mwaka mzima! Wenzake wa kusini watakuwa wameshapangiwa shule, wanaitwa walimu, yeye bado anafagia bweni. Ilimuuma, na uso haukuficha.

"Nakubali," alisema. "Asante sana, mkuu."

Jioni alimkuta mama yake kalazwa kwa ubavu, Bernadeta kaacha sahani ya ugali na samaki imefunikwa kando yake kitandani, kaenda zake. Teodora alikaa ukingoni mwa kitanda akamsimulia yote, ofisi, leso, mtoto aliyeogopa kunyimwa chakula. Alipofika kwenye haki ya kula, mama alitikisika mabega, akacheka kwa nusu ya uso mpaka chozi likamtoka. Kisha akakunja paji la uso na kuhangaika na mdomo.

"Maji?" aliuliza Teodora. "Nikugeuze? Wanikalipia kwa ule mwaka?"

Mkono haukuinuka. Mama alisonya.

"Ku," alisema. Akapumzika. "Ku-la."

Neno zima. La kwanza tangu mwezi wa tatu. Teodora alishika kinywa, na kwa sababu siku ile akili yake yote ilikuwa kwenye herufi mbili, akauliza, "Unasema la mdomoni au la sandukuni?"

Mama yake aliunyoosha mkono wa kushoto, akaisukuma sahani mpaka ikamgusa binti yake goti.

Teodora akanawa mikono, akala huku analia, na mama hakumwondolea macho mpaka alipomaliza.