Namba ya Zamani ya Isidore

Isidore alikuwa ameingia kazini saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi ile. Ndivyo ilivyosema mashine. Anastasie aliusoma mstari huo mara tatu, huku akimtikisa mwanawe Divine mgongoni, kisha akauondoa mkono kwenye kibodi kama aliyegusa sufuria ya moto. Isidore alizama karibu na Lweba miezi mitano iliyopita, mtumbwi ulipopinduka, na ziwa halikurudisha hata kiatu chake.

Siku ya nne hiyo Anastasie hajaonja usingizi. Divine alikuwa anaota meno. Usiku kilio, mchana homa. Na katikati ya kilio na homa, yeye alipaswa kulisafisha daftari la mtandao lenye majina ya wafanyakazi wa shirika lao, shirika la kuwatafutia watoto wazazi waliopotezana nao vitani. Ofisi ya Fizi ilipounganishwa na yao ya Baraka mwaka jana, kila mfanyakazi alipewa namba mpya ya utambulisho, lakini ya zamani ikaachwa ikimfuata nyuma ili folda za kale ziendelee kumtambua. Ilikuwa kama bibi harusi aliyehamia kwa mumewe na bado ameficha ufunguo wa kwao. Sasa folda zilikuwa zimeandikishwa namba mpya, na wakubwa wa Bukavu walikuwa wameamua kwamba funguo hizo zitaleta balaa: mwizi akiokota mmoja, anaingia nyumba mbili.

Skripti ya kuzifuta aliiandika mwenyewe, mistari arobaini ya amri kwa mashine, tunda la miaka miwili ya masomo ya jioni. Ingepita juu ya majina mia moja arobaini na nane na kung'oa kila namba kuukuu. Kubonyeza tu, basi. Alitamani kubonyeza jinsi mwenye kiu anavyotamani maji.

Simu ikalia. Alikuwa Darius, mkuu wake, kutoka Bukavu.

"Mama Divine, iko namna gani? Saa kumi nataka unaniambia yote imeisha."

"Chef, kuko mutu mumoja kwa liste, anaingia kila siku. Na alishakufa."

"Si umutoshe, umufute! Bazima tayari bananichokesha, sasa unaniletea na benye balikufa?"

Akakata. Anastasie akabaki anaitazama ile saa mbili na dakika kumi na mbili. Mwishowe akapiga simu Fizi, kwa karani Nyiramahoro, mwanamke wa milimani ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Éliezer, na aliyekaa meza moja na Isidore miaka tisa.

Alipoulizwa, Mama Éliezer alicheka kicheko kifupi, kikavu.

"Ni miye, mutoto wangu. Isidore ni miye."

"Mama! Na mot de passe yake, ile neno ya siri?"

"Alinipatiaka yeye mwenyewe, ile siku alienda Lweba. Folda ya batoto yeye ndiye aliifungaka, inajua yeye tu. Batoto sitini na tatu, na picha yabo, na majina ya bazazi. Nikiingia na jina yangu, inanikatalia mulango."

"Sasa juu ya nini hamukusema?"

"Tungesema nini? Hakuna mwenye alitaka kumutosha. Matanga yake bado haiyaisha. Mutu hajaonekana, unamutosha kwa liste namna gani?"

Anastasie aliijua desturi hiyo. Marehemu wote wa ofisi ile, majina yao yalifutwa siku ya kuondoa matanga, si kabla. Lakini nani aondoe matanga ya mtu asiye na kaburi? Kwa hiyo walimwacha, kama mlango unaorudishwa bila kufungwa. Skripti haina masikio ya kusikia hayo. Ingemng'oa Isidore namba yake, folda ingejifunga, na wale sitini na watatu wangepotea mara ya pili, safari hii kwa kidole chake yeye, kwa sababu tu alikuwa na usingizi.

"Mama, ingia tena na jina yake," alisema polepole. "Kwa ile folda kuko fasi banaandika wenye banaruhusiwa. Andika jina yako."

"Kwa hiyo ni yeye ananipatia ufunguo?"

"Ni yeye."

"Na kisha?"

"Kisha nitamutosha."

Huko Fizi kiti kilisikika kikivutwa karibu na meza.

"Basi ni kusema matanga tunaimaliza sisi babili, kwa telefone."

"Tungoje aonekane?" Anastasie aliuliza, ingawa saa ilikuwa imepita tisa na nusu.

"Hapana. Batoto bamengoja kupita yeye."

Anastasie alisikia vidole vikigonga herufi moja moja, kama mtu anayetembea gizani. Alisikia pumzi. Kisha Mama Éliezer akatoka kwa jina la Isidore, akaingia kwa lake.

"Imefunguka," alisema. Sauti yake haikuwa na furaha wala huzuni. Ilikuwa imechoka tu.

Anastasie aliipitisha skripti kwa majaribio kwanza, isifute kitu, imwonyeshe tu kama kuna folda nyingine inayomtegemea mtu mmoja. Haikuwapo. Ndipo akabonyeza. Majina yalipanda juu ya kioo kama mchwa: mia moja arobaini na nane, na Isidore kati yao, hakukaa hata kufumba na kufumbua.

"Imeisha, Chef," alimwambia Darius.

Lakini faili ya skripti hakuifunga. Katika skripti, mstari unaoanza na alama ya reli (#), mashine huuruka. Huandikwa kwa ajili ya watu watakaokuja baadaye. Juu kabisa, kabla ya amri ya kwanza, Anastasie akaweka alama hiyo, kisha jina la Isidore, kisha Lweba, kisha namba yake ya zamani, tarakimu kwa tarakimu, zote ishirini na nane. Akaiendesha tena kujaribu. Mashine ikapita pale bila kulalamika.

Mgongoni Divine alikuwa amelala, hatimaye. Anastasie hakuthubutu kuinuka.