Kiwiko Changu Kinaolewa

Jana usiku niliota kiwiko changu cha kushoto kinaolewa, na anayekioa ni mume wangu, Shekue. Aliyekuja kunialika ni mto wa kitandani.

"Uko upande wa bibi harusi," mto ukaniambia. "Uje mapema, viti ni vichache."

Ngojeni kwanza niwaeleze. Shekue anakoroma. Sisemi anakoroma kama waume zenu wanavyokoroma, mkajiona na nyie mna taabu. Huyu wangu akivuta pumzi chandarua kinamfuata, akiitoa kinarudi. Nimempa tangawizi, nimempa asali, nimemwinua kwa mito mpaka analala kama mtu anayesubiri kunyolewa. Ukimwambia, anakutazama kwa huruma. "Mimi sikoromi, Mwantumu. Ningekoroma si ningesikia?"

Basi ikabaki dawa moja, kiwiko. Akianza, nampiga kiwiko cha mbavu, anageuka, ananyamaza kidogo, anaanza tena. Ndiyo mambo yetu ya chumbani hayo, mengine yote yalishakufa zamani, maana mtu mmegombana usiku kucha na mwenyewe hana habari, asubuhi ukimwona tu umeshanuna. Binti yetu Rukia alipoolewa, chumba chake kikabaki wazi. Nikapeleka mashuka huko. Leo ndiyo nilikuwa nihamie moja kwa moja, na nilishamwambia. Akajibu, "Haya." Hiyo haya yake iliniuma kuliko mikoromo yote.

Sasa naingia harusini. Ni uani kwetu, hapa hapa Chumbageni, turubai limefungwa na jua linawaka. Kiwiko kimekaa juu ya mkeka, kimefunikwa kanga mpya. Nautazama mkono wangu wa kushoto. Umenyooka kama mchi, katikati hamna kitu.

"Umeondoka hata kuniaga hukuniaga," nakiambia.

"Ulikuwa umelala," kinasema kiwiko. "Ulikuwa unakoroma."

"Mimi sikoromi. Ningekoroma si ningesikia?"

Mto unacheka kichinichini, unajifanya unajipanga vizuri kitini.

Pembeni ya kiwiko kakaa Bi Kidawa, somo yangu, ndiye aliyenifunda nilipokuwa mwari. Alinifundisha kufukiza udi, kutandaza asumini, kumpokea mume mlangoni kwa maneno matamu. Alinifundisha kila kitu cha kitandani isipokuwa kulala. Leo anakipaka kiwiko hina, huku anakifunda.

"Mume akianza kukoroma, mpige cha mbavu," anakiambia. "Akigeuka, ngoja. Akianza tena, mpige tena."

"Hayo nayajua, somo. Ndiyo kazi yangu siku zote."

"Basi wewe umeshafundwa," anasema Bi Kidawa, anafunika bakuli lake la hina.

Kabati la nguo linasimama kufungisha ndoa, kwa kuwa ndilo kubwa kuliko vitu vyote chumbani. Linauliza walii ni nani. Bega langu linajitokeza. "Mimi hapa. Tangu kizaliwe kiko chini yangu." Kabati linaridhika. Linataka na shahidi, wa kuthibitisha kwamba hawa wawili wanajuana. Chandarua kinanyanyuka.

"Mwanamke huyu," kinasema, kinaninyooshea kamba, "sijamwona akimgusa mume wake tangu vuli ya mwaka juzi. Anayemgusa ni kiwiko. Hakijakosa hata usiku mmoja."

Wanawake wote wananigeukia. Naona haya. Nataka nikunje mikono kifuani nijifanye sijali, wa kushoto haukunjiki. Unabaki umewaelekea wao, wanadhani naomba soda, wananiletea soda.

Halafu bila mtu kusema twendeni, tunakwenda, tunampeleka bibi harusi kwa mumewe. Kwa mume ni ndani ya mdomo wa Shekue, maana ndio mlango pekee wa nyumba yetu usiofungwa. Tunaingia tumeinama, kanga vichwani. Ndani ni mashine ya kusaga mahindi. Akina mama wamepanga foleni na ndoo zao, unga unaruka, na kelele ni ile ile yangu ninayoijua. Shekue kavaa kanzu ya harusi, yeye ndiye anayesaga.

"Zima mashine, Shekue," nampigia kelele.

"Mashine gani?"

Kabati linakiinamia kiwiko, linakiuliza kama kimeridhia kuolewa.

"Nimeridhia," kinasema, "ila nina neno na huyu." Kinanigeukia mimi. "Mwantumu, anayekunja mkono ni mimi. Bila mimi mkono haumzunguki mtu. Niliwekwa pale nikumbatie, wewe ukanipa kazi ya kupiga mbavu, na nikaifanya sikulalamika. Sasa nimeshazizoea mbavu zake. Nikusaidie nini?"

"Nakuomba urudi."

"Nirudi nifanye nini? Huko chumbani kwa Rukia kuna mbavu za nani?"

Namwendea Shekue nimkumbatie mwenyewe, watu wote waone. Mkono wa kulia unamzunguka vizuri. Wa kushoto unampita pembeni, unakwenda moja kwa moja, unaigonga ndoo ya mama mmoja kwenye foleni, unga wake wote chini.

"Samahani, mama."

"Huyu si mumeo?" ananiuliza huku anazoa unga. "Mbona hujui kumshika?"

Shekue anateleza, anatoka upande ule usio na kiwiko, anarudi kwenye mashine yake. Hapo nililia, jamani. Nilimtaka mume wangu, na pa kumshikia sikuwa napo.

Nikaamka. Kumeshakucha, na chumba kimya kabisa. Shekue yuko macho, anatazama chandarua.

"Mbona hukunipiga kiwiko?" akaniuliza.

"Saa ngapi?"

"Usiku. Nimeamka mwenyewe, nikapapasa kama upo. Nilidhani umeshahamia."

"Kwa hiyo unajua kama unakoroma."

Akajipapasa mbavu. "Najua kama unanipiga kiwiko."

Nikaupeleka mkono wa kushoto juu yake. Akakaza mbavu, masikini, kwa mazoea. Mkono ukapita, ukakunjika pale unapokunjika, ukamzunguka. Akaniegemea na uzito wake wote, nilikuwa nimeshausahau, nikausikia mpaka machozi yakanilenga. Nikaanza kupanga maneno mazuri ya kumwambia, nimweleze kwamba mashuka yangu nitayatoa chumbani kwa Rukia leo leo, kwamba tutafute daktari wa pua tuende wote wawili. Sijafungua mdomo, akaanza kukoroma.

Nikasema ngoja nimpe kimoja tu cha mbavu. Kiwiko kikakataa. Nikakivuta, hakitoki, kimejilaza pale kimetulia, hakina habari na mimi. Nikafunua shuka nione kina nini.

Kilikuwa na hina. Ua moja tu, petali zake nyembamba, mkono wa Bi Kidawa kabisa. Na bado ilikuwa mbichi, imeshampaka Shekue mbavuni, kwenye ile fulana yake nyeupe anayoipenda. Hina kwenye nguo nyeupe haitoki, na atakayeulizwa ni mimi.